Fundi, Nani Alikuruhusu Kuifunza Seva Yetu Uongo?

Kuna kijisanduku kimoja kidogo ndani ya Windows ambacho mafundi wetu wanakipenda kama chai ya saa nne. Ukienda kwa orodha ya vifaa vya mashine, ubonyeze diski, ufungue sifa zake, uingie ukurasa wa sera, unakipata pale kimetulia. Fundi anaitwa kwa sababu sistimu inakokota. Anafika na begi mgongoni, anabonyeza mara tano, anaweka tiki, anawasha mashine upya, na ghafla kila kitu kinakimbia. Bosi anafurahi. Keshia anafurahi. Fundi anatumiwa pesa yake kwa M-Pesa na anaenda zake. Hakuna mtu ameambiwa ni nini kimeuzwa ndio hiyo spidi ipatikane.

Mimi nasema hivi, na wa kukasirika akasirike: hiyo si kazi ya ufundi. Hiyo ni kamari, na pesa iliyowekwa mezani si ya fundi.

Wacha nieleze pole pole, kwa sababu hata wenye hizo seva wengi hawajui wanachomiliki. Chukulia chama. Katibu ana daftari, lakini daftari liko kabatini na kabati liko chumba cha pili. Kila mwanachama akitoa mchango, katibu ainuke, aende kabatini, aandike, arudi, mtatoka huko usiku wa manane. Kwa hivyo anaandika kwa biro kwenye kiganja chake, na akishafikisha majina kama kumi anaenda mara moja kuyahamisha. Hicho kiganja ndicho kashe. Diski ya kawaida, ile yenye sahani zinazozunguka, ina kumbukumbu yake ndogo ya ndani, MB 64, 128, 256, inategemea umenunua gani. Data ikifika inapokelewa hapo kwanza, halafu diski inaiandika kwenye sahani kwa wakati wake na kwa mpangilio unaoifaa yenyewe. Kumbukumbu hiyo inaishi kwa stima. Stima ikienda, kiganja kimenawishwa.

Mpaka hapo hakuna dhambi. Databesi ya maana inajua kiganja kipo. PostgreSQL inajua, MySQL inajua, SQL Server inajua. Ndiyo maana kila muamala ukikamilika databesi inasimama na kuuliza: imefika daftarini ama bado iko mkononi? Kwa Linux swali hilo linaitwa fsync, kwa Windows kuna FlushFileBuffers, majina tu. Mfumo wa kompyuta unapeleka amri mpaka kwa diski yenyewe: mwaga kashe yako yote kwenye sahani, ukimaliza niambie. Diski inamwaga, inajibu. Hapo ndio databesi inamwambia keshia "imekubali" na risiti inatoka.

Sasa, Windows ina vijisanduku viwili, si kimoja, na hapa ndipo watu wanachanganywa. Cha kwanza kinaruhusu diski itumie kashe yake. Kwa diski za ndani kwa kawaida kinakuja na tiki tayari, na databesi ikiuliza swali lake na kujibiwa ukweli, unaweza kulala. Cha pili, kile cha chini yake, kinaiambia Windows iache kutuma ile amri ya kumwaga. Yaani databesi inauliza "imefika daftarini?" na badala ya swali kupelekwa kwa diski, Windows inajibu yenyewe hapo njiani: "Ndiyo, imefika." Microsoft wenyewe wameandika onyo chini ya hicho kijisanduku, kwamba usikiguse kama diski yako haina chanzo chake tofauti cha umeme. Fundi amelisoma hilo onyo. Liko sentimita moja chini ya kidole chake.

Kwa hivyo nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na kashe. Ugomvi wangu ni na katibu aliyefundishwa kusema "nimeandika" wakati biro bado haijakauka mkononi.

Na watu wa Linux msijione wasafi, kwa sababu mna vijisanduku vyenu. Kuna anayewasha mfumo wa faili na vizuizi vya kuandika vimezimwa, kwa sababu alisoma mahali ati ndivyo seva inavyokimbia. Kuna anayeingia kwa faili ya mipangilio ya PostgreSQL na kuandika fsync = off, anaenda nyumbani. Kuna anayeendesha mashine pepe kwa QEMU na kuchagua hali ya kashe inayoitwa "unsafe". Unsafe! Waliotengeneza walikosa kabisa namna nyingine ya kukuonya, wakaamua jina lenyewe liwe onyo, na bado mtu akaichagua kwa seva ya duka la dawa.

Nataka tufanye hesabu, kwa sababu hesabu haina urafiki. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8.3. Databesi inayoandika mwisho wa logi yake, halafu ingoje jibu la kweli, halafu iandike tena hapo karibu, lazima ingoje sahani izunguke mpaka sehemu hiyo ifike tena chini ya kichwa cha kusomea. Kwa hivyo kaunta moja inayokamilisha muamala mmoja baada ya mwingine itapata takriban miamala 120 kwa sekunde, hapo hapo, na mara nyingi chini ya hapo. Kaunta zikiwa nyingi databesi inaweza kuwapandisha matatu moja, miamala kadhaa ikasafiri kwa mwago mmoja, lakini sahani haibadilishi mwendo kwa sababu bosi amekasirika.

PostgreSQL inakuja na programu ndogo inaitwa pg_test_fsync. Iendeshe kwa seva yako. Ikiwa diski ni ya kuzunguka, haina kadi yoyote ya maana mbele yake, na matokeo yanasema 5,000 kwa sekunde, basi kuna mtu kati yako na sahani anakudanganya. Huna haja ya shahada kujua hilo. Ni kama boda kukuambia ametoka Nakuru mpaka Nairobi kwa dakika kumi. Humpi pongezi. Unamwuliza ni pikipiki ama ni roketi.

Jibu la kwanza ninalopewa nikileta hii hoja huwa: sasa hata stima ikipotea, si utapoteza sekunde mbili za mwisho tu? Keshia ataingiza tena.

Hapo ndipo mafundi wenyewe wanaonyesha hawajui wanachocheza nacho. Kinachopotea si sekunde mbili. Kinachopotea ni mpangilio. Databesi ina sheria moja ambayo imejengewa maisha yake yote: logi kwanza, data baadaye. Andika kwanza unachotaka kufanya, hakikisha kimefika, halafu ndio ubadilishe kurasa zenyewe. Mashine ikizimika katikati, ikiamka inasoma logi na kumalizia ama kufuta kilichobaki nusu. Lakini diski yenye kashe haiandiki kwa mpangilio uliotumwa. Inaandika kwa mpangilio unaoifaa. Ukishazima ile amri ya kumwaga, kurasa za data zinaweza kufika sahanini na logi yake ikabaki kiganjani. Stima inaenda. Asubuhi databesi inaamka, inakuta ukurasa umebadilishwa na hakuna maandishi popote yanayoeleza kwa nini. Indeksi inaelekeza kwa mstari ambao haupo. Salio moja limepungua na lile lingine halijaongezeka.

Halafu kuna kurasa zilizokatika. PostgreSQL na SQL Server zinatumia kurasa za KB 8, InnoDB ya MySQL KB 16, na diski inaandika kwa vipande vya baiti 512 ama KB 4. Ukurasa mmoja unaweza kubaki nusu mpya nusu ya jana. Waliotengeneza hizi programu si wajinga, wameweka kinga: PostgreSQL inahifadhi nakala ya ukurasa mzima kwa logi, InnoDB inaandika kila ukurasa mara mbili. Lakini kinga hiyo yenyewe inategemea diski kujibu ukweli ikiulizwa. Ukishaifunza uongo, umevunja ukuta na umevunja kufuli ya mlango kwa pamoja.

Mamangu anaweka akiba kwa chama kimoja cha akiba na mikopo. Jina nitaliacha. Stima ilipotea Jumatano jioni, dakika chache tu, ikarudi. Databesi yao ikakataa kufunguka. Walijaribu usiku kucha. Bakapu ya mwisho iliyofunguka ilikuwa ya Jumamosi. Kwa hivyo kila kitu kilichoingizwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano kikawa hakijawahi kutokea. Hesabu hiyo uipige mwenyewe: kashe ya sekunde chache, hasara ya siku tatu. Wiki mbili nzima wanachama walikuwa wanapanga foleni kuonyesha meseji za M-Pesa kwa simu, na karani anaandika kwa karatasi. Mamangu alikuwa na zake, kwa sababu mamangu hafuti meseji hata za 2015. Jirani yake alikuwa amelipa pesa taslimu kaunta, na ile risiti aliwashia jiko. Aliambiwa, kwa heshima kabisa, "Mama, sistimu haionyeshi." Mwanamke mzima, pesa yake ya kuuza sukuma wiki, anaambiwa na mashine kwamba anaota.

Nilienda huko. Kijana wa IT, ambaye hata hakuwa ameajiriwa wakati seva inawekwa, alinifungulia ule ukurasa wa sera. Tiki ya pili ilikuwa bado iko pale. Aliyeiweka alishalipwa zamani.

Hiyo ndiyo sababu mimi siichukulii kama mjadala wa watu wa kompyuta. Kila mara unapoona risiti imetoka, kuna mtu ameahidiwa kitu. Mteja ameahidiwa kwamba deni lake limeisha. KRA wameshapokea ankara kupitia eTIMS, na wao hawakusahau. Wewe ndiye kesho utakuwa na ankara kwao isiyo na mauzo kwako. Fundi alipoweka ile tiki aligeuza ahadi zote hizo kuwa "labda", na hakumwambia yeyote kati ya walioahidiwa.

Jibu la pili: "Lakini tuko na UPS."

Sawa. Ilinunuliwa lini? Betri ilibadilishwa lini? Mara ya mwisho kuchomoa soketi ya ukutani na kuhesabu dakika ilikuwa lini? Nimeona UPS ambazo kazi yake pekee iliyobaki ni kushikilia kikombe cha chai. Stima ikipotea inalia mara moja, piip, na kufa pamoja na seva. Na hata ikiwa nzima, UPS inalinda kile kilicho kabla yake tu. Hailindi usambazaji wa umeme ndani ya seva ukiungua. Hailindi mtu wa kusafisha aliyechomoa waya wa seva ndio achaji simu. Hailindi bosi ambaye mashine ikiganda anabonyeza kitufe cha kuzima kwa sekunde kumi na kusema "imekubali sasa".

Na hii ni Kenya. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikaingia giza. KenGen wenyewe walitangaza, wakaweka na picha. Tumbili alipona. Sijui ni databesi ngapi zilipona. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea nchi nzima tena, mpaka uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza, na watu wengine walikaa mpaka kesho yake bila. Novemba mwaka huo huo, tena. Desemba, tena. Hizo ni zile za nchi nzima, zile zinazofika habari za saa moja. Ile ya mtaa wenu ya kila Alhamisi haina mtangazaji. Anayeweka seva hapa kwa mpango wa kwamba stima haitakatika, huyo ametoka nchi gani?

Lakini msidhani ni shida ya maskini. Januari 2005 mtandao wa LiveJournal, ambao wakati huo ulikuwa mkubwa, ulipoteza umeme wote kwa kituo chao cha data huko Seattle, Marekani, pamoja na ule wa akiba. Hapo si mtaani, hapo ni jumba limejengwa kwa kazi hiyo. Umeme ulirudi, lakini baadhi ya databesi zikaamka zimeharibika, kwa sababu kulikuwa na vifaa vilivyokuwa vimesema "imeandikwa" na havikuwa vimeandika. Brad Fitzpatrick, mwanzilishi wake, akatengeneza kiprogramu kinaitwa diskchecker.pl kwa kazi moja tu ya kukamata diski waongo. Kinaandika kwa seva huku kikiambia mashine nyingine kila kilichothibitishwa. Unachomoa waya, unawasha tena, mashine ya pili inasoma orodha ya ahadi na kuona ngapi zilivunjwa. Hati za PostgreSQL zimekitaja mpaka leo. Zaidi ya miaka 20 imepita, na sisi bado tunaweka tiki.

Wengine wanafikiri SSD imemaliza hii stori. Haijamaliza. SSD nayo ina kumbukumbu ya ndani inayoishi kwa stima, na zaidi ya data yako inaweka hapo ramani ya ni wapi kila kitu kimehifadhiwa. Mwaka 2013 watafiti walichukua SSD 15 wakazikatia umeme makusudi, tena na tena. Kati ya hizo 15, 13 zilionyesha hitilafu za aina moja ama nyingine. SSD za seva zina kapasita ndani, vipipa vidogo vya umeme vinavyotosha kumwaga kashe baada ya stima kukatika. SSD ya laptopu, ile rahisi uliyouziwa Luthuli Avenue, kwa kawaida haina. Kwa nje zinafanana kabisa. Fundi akikuambia "SSD ni SSD", mwambie pia gari ni gari, aende akabebe mawe na Vitz.

Kuna upande mmoja ambao lazima niutendee haki. Fundi hakuamka asubuhi akasema leo niharibu chama cha kina mama. Aliitwa kwa sababu sistimu inakokota kweli, foleni imefika mlangoni, na bosi hataki kusikia hadithi za sahani na mizunguko. Na kuna mafundi wa aina nyingine, waoga kupita kiasi, wanaozima kashe zote kila mahali, halafu keshia anachoka kungoja na kuanza kuuza kwa daftari la mkono "nitaingiza jioni". Haingizi jioni. Hiyo nayo ni data imepotea, tofauti ni kwamba imepotea kwa usalama.

Tena kuna kitu kinachowachanganya mafundi wengi bila wao kujua. Ofisi ndogo zinanunua seva moja na kuibebesha kila kitu: inasimamia majina na nywila za wafanyakazi, inahifadhi faili, na inaendesha databesi. Ukiifanya seva ya Windows kuwa msimamizi wa kikoa, yenyewe inazima kashe ya kuandika kwa diski iliyo na databesi ya Active Directory. Inafanya hivyo makusudi, kwa sababu Microsoft hawataki kucheza na hiyo databesi. Fundi hajui hilo. Anaona tu mashine mpya imekuwa konokono, anaenda kwa vijisanduku, anapigana navyo, mashine ikiwashwa upya vinarudi, anatafuta skripti ya kuvilazimisha. Ndugu yangu, seva ilikuwa inakuambia kitu! Dawa hapo ilikuwa kuhamisha databesi ya biashara kwa diski nyingine ama mashine nyingine, si kuifunga seva mdomo.

Na kuna hizi programu za zamani ambazo databesi yake ni faili tu kwa folda ya pamoja, kila kaunta inaifungua kupitia mtandao. Hapo hata hakuna katibu mmoja. Kila kaunta ni katibu na ana kiganja chake, maana Windows ya kaunta nayo inaweza kushikilia mabadiliko upande wake kabla ya kuyatuma. Unaweza kuipanga diski ya seva vizuri kabisa, na bado kaunta namba tatu ikizimika katikati ya kuandika, faili ya wote imeharibika. Hiyo sina ushauri mrefu. Hama. Tafuta programu inayozungumza na injini ya databesi iliyo kwa seva, uachane na faili ya kugombaniwa.

Kwa wengine wote, spidi ya halali ipo. Cha kwanza hakina gharama: programu nyingi zinakokota kwa sababu aliyeiandika anakamilisha muamala kwa kila mstari. Unaingiza bidhaa 2,000 za stoki na programu inauliza diski mara 2,000, "imefika? imefika? imefika?" Ziweke zote ndani ya muamala mmoja, inauliza mara moja. Kazi ya dakika inakuwa sekunde na hakuna aliyedanganywa. Mpigie aliyekuuzia programu simu, mwulize hilo swali, usikie atakavyogugumia.

Cha pili, kuna kadi za RAID zenye kashe yake na betri yake, ama kapasita na kumbukumbu ya kudumu. Hiyo kadi ikisema "imeandikwa" ina haki ya kusema, kwa sababu stima ikienda itashikilia kiganja kikiwa kikavu mpaka stima irudi. Lakini hapa pia tumeingiza ujanja! Betri ya kadi inazeeka. Ikifa, kadi nyingi zinarudi zenyewe kuandika moja kwa moja kwa diski, polepole, na hiyo ni adabu nzuri. Halafu fundi anaitwa, "mashine imekuwa nzito ghafla". Badala ya kuagiza betri, anaingia kwa mipangilio ya kadi na kuchagua ile ya kuilazimisha itumie kashe hata bila betri. Umenunua kadi ya bei ghali ikulinde, na mtu mmoja ameigeuza pambo kwa dakika tano.

Cha tatu kinawashangaza watu nikikisema: unaweza kuamua kupoteza kidogo, kwa macho wazi. PostgreSQL ina synchronous_commit. Ukiizima, databesi haingoji diski kwa kila muamala, na mashine ikianguka unaweza kupoteza miamala ya chini ya sekunde moja hivi ya mwisho kwa mipangilio ya kawaida. Lakini mpangilio wa logi na data haukuguswa, kwa hivyo databesi itaamka nzima. MySQL ina innodb_flush_log_at_trx_commit. Ikiwa 1 inangoja diski kila mara, ikiwa 2 inamwaga takriban kila sekunde. Kwa data ya nani ametembelea ukurasa gani, mimi ningeweka 2 bila kufikiria mara mbili. Kwa akiba ya mamangu, 1, na mwenye haraka angoje. Ona tofauti: hapo databesi yenyewe imeambiwa ukweli na inapanga maisha yake kufuatana na huo ukweli, na mwenye data anaweza kuulizwa: bosi, uko tayari kupoteza sekunde moja ya mauzo? Pengine atasema ndiyo. Ni pesa yake. Ile tiki ya pili haiulizi mtu.

Na hilo ndilo ninalolidai, si kingine. Fundi akibadilisha chochote kinachohusu kashe ya kuandika kwa seva yenye databesi, aandike: nimebadilisha hiki, kilikuwa hivi, sasa ni hivi, stima ikikatika hiki kinaweza kutokea. Asaini. Bosi asaini. Tunasaini kubadilishiwa tairi, tutashindwa kusaini hii? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuandikwa kwa ajili ya wadukuzi peke yao. Data ya mtu ikipotea ama ikiharibika kwa ajali ukiwa umepewa uitunze, hilo nalo linahesabika. Siku mwanachama wa chama atakapompata wakili mwenye subira, atauliza ni nani aliweka tiki, na "sistimu haionyeshi" halitakuwa jibu.

Kama una seva, wiki hii fungua ule ukurasa wa sera ama umwambie mtu akufungulie ukiangalia. Kama tiki ya pili iko na diski haina umeme wake wa akiba, itoe, uwashe upya, uvumilie malalamiko ya siku mbili huku ukitafuta spidi kwa njia nilizosema. Kama una kadi ya RAID, uliza betri iko hali gani na uonyeshwe kwa skrini, usikubali la mdomo. Na kama unanunua seva mpya, kabla hata ya kuweka jina la mteja mmoja, ijaze data ya uongo, anzisha diskchecker.pl ama hata programu yako mwenyewe ikiingiza mauzo ya kujifanya mfululizo, halafu chomoa waya. Mara tano, mara kumi. Mwite fundi awepo, na umwangalie usoni wakati mkono wako unaenda kwa soketi.